Visa Imetoka, Lakini Ni Visa Gani? Safari ya Kazi Ughaibuni kwa Raia wa Uganda

"Visa imetoka!" Ujumbe huo ukiingia kwenye simu Busia, Arua au Bwaise, nyumba nzima hushangilia. Mama anaanza kuulizia bei ya sanduku, shemeji anapigiwa achangie nauli, na aliyekuwa anasitasita kuuza ng'ombe anaamua kumuuza kabla ya wiki kuisha. Swali moja tu ndilo hukosa wa kuliuliza: ni visa ya shughuli gani, na ina jina la mwajiri yupi?

Mazungumzo yetu ya kyeyo, yaani kazi za ughaibuni, yamejaa maneno yanayotumiwa kana kwamba ni kitu kimoja: visa, kibali, mkataba, leseni, oda ya kazi, kafala. Utasikia redioni kwamba dada fulani "aliuzwa" wakati alisafiri kihalali akaangukia kwa mwajiri mkatili. Jioni hiyohiyo utasikia kwamba kijana mwingine "alikwenda kihalali" kwa sababu tu alikuwa na pasipoti yenye muhuri wa uwanja wa ndege wa Entebbe. Mchanganyiko huo una gharama. Watu wanalipia wasichopaswa kulipia, wanasaini wasichokielewa, na mambo yakiharibika hawajui wamshike nani. Nitaanza na nchi za Ghuba, kwa kuwa huko ndiko wengi wetu wanakoelekea, kisha niguse kwa kifupi Ulaya, Kanada na majirani zetu.

Kazi ndiyo inayozaa visa

Pasipoti inasema wewe ni nani, basi. Hutolewa na Idara ya Uraia na Uhamiaji kwa ada ya kawaida ya shilingi 250,000, na tangu Desemba 2018 Uganda inatoa ile ya kielektroniki ya Afrika Mashariki. Kuwa nayo hakukupi haki ya kuingia nchi ya watu wala kufanya kazi humo.

Visa ni ruhusa ya kuingia nchi fulani, kwa shughuli fulani, kwa muda fulani. Mwisho wa sentensi hiyo ndio watu husahau. Visa ya matembezi na visa ya kazi zinaweza kufanana kama pacha kwenye skrini ya simu, lakini moja inakuruhusu kutembea na kurudi, nyingine inakuruhusu kuajiriwa.

Kibali cha ukaazi hupatikana baada ya kufika. Saudi Arabia wanakiita ikama. Umoja wa Falme za Kiarabu, nchi yenye Dubai na Abu Dhabi, hutoa kadi ya utambulisho inayoambatana na ukaazi. Hicho ndicho kinachokufanya mfanyakazi halali siku hadi siku, na mwajiri ndiye anayetakiwa kukuombea na kukilipia.

Sasa mpangilio wake. Safari halali ya kazi huanzia ng'ambo. Familia ya Riyadh inayotaka mtumishi wa nyumbani, au kampuni ya Dubai inayotaka askari wa ulinzi, inaomba kwanza ruhusa kwao ya kuajiri mgeni. Ikipata, inakwenda kwa ofisi ya uajiri ya hukohuko, ile ambayo ndugu zetu walioko kule huiita maktab. Maktab inaiandikia kampuni ya uajiri ya Kampala: tunahitaji watu kadhaa, wa kazi hii, kwa mshahara huu, kwa masharti haya. Barua hiyo ndiyo oda ya kazi, na inapaswa kuhakikiwa na kupitishwa na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii kabla kampuni haijatangaza nafasi. Watu wakishapatikana wanapimwa afya, wanasaini mkataba, na mwajiri anaomba visa kwa jina la mtu mmojammoja. Tiketi huja mwisho kabisa.

Ukiushika mpangilio huu, nusu ya utapeli unaufahamu bila kuelezwa. Kazi ndiyo inayozaa visa. Wakala anayekuambia ulipie visa leo, kazi utaipata ukishafika, ameanzia mkiani, na pesa utakayompa itanunua kitu kingine kabisa.

Jinsi ya kuisoma visa yenyewe

Chukua simu ufungue ile picha ya visa uliyotumiwa. Kama ni ya Falme za Kiarabu, ni karatasi yenye Kiarabu na Kiingereza, na ndani yake mna mistari michache inayotosha kukuambia ukweli. Juu pameandikwa aina ya visa. Ukiona imeandikwa kuwa ni ya utalii au ya kutembelea, hiyo si visa ya kazi, hata wakala akiapa kwa jina la Mungu. Shuka chini uone mstari wa taaluma: unalingana na kazi uliyoambiwa? Aliyeahidiwa ukeshia wa duka kubwa akikuta ameandikwa mtumishi wa nyumbani ajue kwamba huko anakokwenda anasubiriwa jikoni. Chini zaidi lipo jina la mdhamini. Kwenye visa ya kazi litakuwa jina la kampuni iliyokuajiri au la mwenye nyumba. Kwenye visa ya matembezi mara nyingi utakuta jina la kampuni ya utalii, ambayo haikujui na haina kazi ya kukupa.

Linganisha jina hilo la mdhamini na jina la mwajiri lililo kwenye mkataba. Yakitofautiana, uliza kabla ya kulipa na kabla ya kupanda ndege. Na kama hujaonyeshwa mkataba wowote, jibu umeshalipata.

Wako watakaosema: mbona fulani alikwenda Dubai kwa visa ya matembezi na leo anajenga nyumba Mukono? Ni kweli wapo. Falme za Kiarabu zinaruhusu mtu aliyeingia kwa matembezi kubadilishiwa hadhi akipata mwajiri aliye tayari kumwombea kibali. Hilo peke yake si kosa. Lakini hesabu ya hatari inabebwa na nani? Siku za visa zikiisha bila mwajiri kupatikana, faini ni dirhamu 50 kwa kila siku, kama shilingi 50,000 hivi za kwetu, na inapanda hata ukiwa umelala. Ukikubali kazi kabla ya kibali, umevunja sheria, na mwajiri anayekunyima mshahara anajua huwezi kwenda kumshtaki kwa urahisi. Mwaka 2024 nchi hiyo iliongeza faini ya mwajiri anayeajiri mtu asiye na kibali, kuanzia dirhamu 100,000 hadi milioni 1. Ndiyo maana waajiri wa maana hawakugusi bila karatasi. Wanaobaki kukuchukua ni wale wasiojali sheria, na asiyejali sheria ya nchi yake hatajali mshahara wako.

Nani amelipia safari yako?

Hapa ndipo pana mkanganyiko mkubwa kuliko pengine pote. Mmoja anakwambia alikwenda bure, mwingine alilipa shilingi milioni 5, na wote wawili walipitia kampuni zenye leseni. Tofauti ni aina ya kazi na anayebeba gharama.

Kwa kadama, yaani watumishi wa nyumbani, wanaokwenda Saudi Arabia, mwajiri ndiye anayelipa. Familia inailipa maktab, maktab inatuma sehemu ya fedha hizo Kampala kwa kila mtumishi anayesafirishwa, na humo ndimo zinamotoka visa, tiketi na faida ya kampuni. Makubaliano kati ya serikali hizo mbili hayaruhusu gharama za uajiri kutupiwa mfanyakazi au kukatwa kwenye mshahara wake. Kwa hiyo kampuni inayomdai kadama fedha "za visa" inalipwa mara mbili kwa kichwa kimoja.

Lakini bure hiyo ina upande ambao mabango ya barabarani hayautaji. Familia iliyotoa maelfu ya riyali kabla hujatua inatazamia kuyaona kwenye jasho lako, na wako wanaojiona wamekununua. Kisha kuna miezi 3 ya majaribio. Mfanyakazi akiondoka ndani ya muda huo, ofisi zilizomleta hutakiwa kumtafuta mwingine au kurudisha fedha. Ndiyo sababu dada anayepiga simu Kampala mwezi wa pili akilia anaambiwa avumilie kwanza. Anayempa ushauri huo ana hasara yake anayoiogopa, na ni vizuri familia nyumbani ijue hivyo inapoambiwa kuwa binti yao "anadeka tu".

Mshahara unaotajwa sana kwa kadama wa Uganda huko Saudi ni riyali 900. Riyali imefungwa kwa dola ya Marekani kwa kiwango cha 3.75, kwa hiyo 900 ni dola 240, laki 8 na ushei za kwetu. Kwa miaka 2 ya mkataba ni riyali 21,600, kama chakula na malazi ni vya mwajiri na kama hakuna mwezi uliorukwa. Ni fedha ya maana. Pia ni fedha ambayo mtu anaweza kuipima kwa akili iliyotulia, akilinganisha na anachopata hapa, badala ya kuisikia kama ngano.

Kazi za ulinzi, usafi na ghala ni habari nyingine. Huko watu wetu hulipa, na hulipa sana. Falme za Kiarabu, katika sheria yao ya kazi ya mwaka 2021, zimemkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe moja kwa moja au kwa kuzungukia mlango wa nyuma. Lakini gharama zinatozwa Kampala, mbali na macho ya Dubai. Tufanye hesabu. Kijana wa Mbale anaambiwa mshahara ni dirhamu 1,200 kwa mwezi, na kwamba gharama ni shilingi milioni 5. Dirhamu 1,200 ni kama dola 327, yaani shilingi milioni 1 na laki 1 hivi. Milioni 5 amezikopa kwa mkopeshaji wa mtaani kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Riba peke yake ni laki 5. Karibu nusu ya mshahara inaondoka kila mwezi na deni lenyewe halijapungua hata shilingi. Ongeza chakula na simu. Kijana huyu atafanya kazi zaidi ya mwaka kabla hajaanza kujifanyia kazi mwenyewe, na akifukuzwa mwezi wa sita, kiwanja cha baba kilichowekwa rehani kimekwenda.

Bado kuna jambo la mlinzi wa Dubai ambalo watu hugundua wakiwa wamefika: huwezi kusimama getini bila leseni ya mamlaka ya ulinzi ya huko, SIRA, na leseni hiyo inataka mafunzo na mtihani. Uliza mapema nani analipia mafunzo hayo, na kama siku hizo zina mshahara. Na ukishindwa mtihani, nini kinafuata? Kampuni inayojua kazi yake itakujibu papo hapo.

Leseni inakulinda kwa kiasi gani

Kampuni ya uajiri inayopeleka watu nje lazima iwe na leseni ya wizara. Kanuni zilizoanza mwaka 2005 na kuandikwa upya mwaka 2021 ndizo zinazoisimamia. Majina ya kampuni zenye leseni yamo kwenye mfumo wa wizara wa mtandaoni unaoitwa EEMIS, na yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kuyaangalia. Linganisha jina herufi kwa herufi, kwa sababu matapeli hupenda kujiita majina yanayokaribiana na ya kampuni halisi.

Leseni ya kampuni si uhakika wa kazi yako. Kampuni inaweza kuwa na leseni na isiwe na oda ya kazi unayoambiwa. Uliza vyote viwili. Na yule kaka anayekuja nyumbani kwenu akisema yeye ni "mtu wa ofisi", anayekusanya pasipoti na pesa za simu, mara nyingi ni dalali tu. Hata kama kampuni ni ya kweli, fedha uliyompa yeye mkononi haina risiti ya kampuni, na siku ya mgogoro kampuni itasema haimjui. Itakuwa inasema kweli.

Faida ya kupitia njia rasmi ni hii: jina lako linabaki kwenye kumbukumbu. Wizara inajua umekwenda nchi gani, kwa mwajiri gani, kupitia kampuni gani, na kampuni hiyo inabaki na wajibu juu yako. Ndicho wanachokikosa wanaovukia Busia au Malaba kwenda kupandia ndege Nairobi. Mawakala huiuza njia hiyo kama ya mkato: Entebbe wana maswali mengi, twende Kenya. Maswali ya Entebbe yapo ili kumkamata huyo wakala. Mwezi wa Januari 2016 serikali ilipositisha kupeleka watumishi wa nyumbani Saudi Arabia, baada ya taarifa za mateso na miezi michache tu baada ya makubaliano ya 2015, wasichana hawakuacha kwenda. Walipitia kwa majirani, bila kumbukumbu yoyote. Marufuku ilipoondolewa mwaka 2017, waliokuwa wamekwenda kwa njia hiyo walikuwa bado huko, na hakukuwa na orodha ya kuwatafutia. Kwa maoni yangu, marufuku ya namna hiyo humsaidia dalali kuliko msichana. Makubaliano yaliyofuata, na Jordan mwaka 2016 na Falme za Kiarabu mwaka 2019, yana kasoro zake, lakini angalau yana karatasi ambayo mtu anaweza kuidai.

Kafala bila kuzunguka

Neno hili husemwa kwa hofu, na wengi wanadhani ni jina la utumwa. Kafala ni utaratibu wa udhamini: mgeni anaishi nchini kwa sababu kuna mwenyeji aliyemdhamini, na ukaazi wake umefungwa kwa huyo mdhamini. Fikiria boda boda aliyepewa pikipiki ambayo kadi yake ina jina la tajiri. Anaendesha, anapata abiria, anakula. Lakini siku tajiri akichukua ufunguo, biashara imekwisha papo hapo, na akihama na pikipiki hiyo kwenda kwa mwingine, ataitwa mwizi. Ndivyo ukaazi unavyokuwa chini ya kafala. Kuna matajiri wema na wabaya. Utaratibu wenyewe ndio unaompa yule mbaya nguvu.

Kwa kadama, nguvu hiyo huonekana hasa anapotoka nyumba ya mwajiri bila ruhusa. Mwajiri wa Saudi anaweza kumripoti kuwa ametoroka, na tangu hapo ukaazi wake uko hatarini, hata kama alikimbia kipigo. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya kukimbia isiwe kwenda kwa rafiki wa kwenye simu mwenye "kazi nzuri zaidi". Iwe ubalozi wa Uganda, ulioko Riyadh, au polisi, au ofisi ya kazi ya huko. Abu Dhabi na Doha pia tuna balozi, na Dubai tuna ubalozi mdogo.

Utaratibu huu umekuwa ukilegezwa, na ni vizuri kujua umelegezwa kwa nani. Qatar mwaka 2020 iliondoa sharti la mfanyakazi kupata barua ya mwajiri kabla ya kuhama kazi, na Machi 2021 ikaweka kima cha chini cha riyali 1,000 za Qatar kwa wote, watumishi wa nyumbani wakiwemo. Saudi Arabia ililegeza masharti Machi 2021, lakini watumishi wa nyumbani waliachwa nje ya mageuzi hayo. Kwao kuna kanuni nyingine zilizoanza kutumika Oktoba 2024: kazi isizidi saa 10 kwa siku, wiki iwe na saa 24 mfululizo za mapumziko, na mwajiri asizuie pasipoti. Kanuni ndani ya nyumba ya mtu huwa na macho machache ya kuisimamia. Hata hivyo kadama anayejua kwamba kunyang'anywa pasipoti ni kosa huko huko Saudi, wala si desturi ya nchi kama anavyoambiwa, ana la kusema mbele ya ofisa.

Mikataba miwili

Malalamiko mengi ya waliorudi yana mzizi mmoja: walisaini mkataba Kampala, wakafika wakapewa mwingine kwa Kiarabu. Wa kwanza ulisema mpishi, wa pili unasema mtumishi. Wa kwanza ulisema 1,500, wa pili 900. Wakala atakuambia huo wa pili ni "wa serikali tu, usijali". Usiusaini bila kupiga picha, na uitume nyumbani saa hiyohiyo.

Unapousoma ule wa Kampala, usiridhike na namba ya mshahara. Angalia ni sarafu gani, kwa sababu riyali ya Oman ina thamani mara kadhaa ya riyali ya Saudi, na wapo waliodanganywa kwa jina hilo moja. Angalia kama chakula na malazi ni juu ya mshahara au vimo ndani yake. Tofauti hiyo inaweza kumeza theluthi ya fedha yako. Na utafute sentensi inayosema nani analipa tiketi ya kurudi mkataba ukiisha, na nani analipa ukikatizwa katikati. Isipokuwepo, omba iandikwe. Hii ni haki yako kabla ya kusaini. Baada ya hapo inakuwa ombi.

Kudhulumiwa na kuuzwa ni vitu viwili

Sheria ya Uganda ya mwaka 2009 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu inatazama mambo matatu kwa pamoja: kitendo, kama kumchukua mtu au kumsafirisha, njia, kama udanganyifu, vitisho au kutumia unyonge wake, na lengo, ambalo ni kumnyonya. Yakikutana, ni jinai yenye kifungo cha hadi miaka 15, na makosa mazito zaidi hufika kifungo cha maisha. Mwathirika kukubali hakumwokoi mhalifu. Kwa hiyo "alikwenda mwenyewe, hakulazimishwa" si utetezi, kwa kuwa alikubali jambo ambalo halikuwepo.

Mwajiri aliyechelewesha mshahara wa miezi 2 amevunja mkataba. Hilo hudaiwa kupitia kampuni, wizara na ofisi ya kazi ya nchi ile. Wakala asiye na leseni aliyekupeleka kwenye kazi ya kweli amevunja kanuni za uajiri. Lakini aliyekuahidi kazi ya kompyuta Thailand kisha ukavushwa mpaka usiku hadi Myanmar, ukafungiwa kwenye kambi na kulazimishwa kuwatapeli watu mtandaoni, huyo amekuuza. Raia wa Uganda wamekuwa miongoni mwa waliotolewa katika kambi hizo. Mwaka 2024 waandishi wa habari walifichua pia wasichana wa Kiafrika, wakiwemo wa Uganda, waliovutiwa na matangazo ya mafunzo ya kazi Urusi wakajikuta wakiunganisha droni za kivita Alabuga, Tatarstan. Hawa walikuwa na pasipoti, visa na tiketi za kweli. Kilichokuwa cha uongo ni kazi.

Ulaya, Kanada na majirani

Kanuni ya mwajiri kwanza haibadiliki ukienda mbali. Kanada, mwajiri anayetaka mgeni mara nyingi huanza kwa kuomba serikali ithibitishe kwamba nafasi hiyo haina mwenyeji wa kuijaza. Ada yake ni dola 1,000 za Kanada, analipa yeye na haruhusiwi kukudai. Anayekuuzia karatasi hiyo Kampala anauza kisichouzwa. Uingereza huchapisha hadharani orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini wageni, na tarehe 22 Julai 2025 ilifunga mlango wa kuajiri walezi wa wazee kutoka nje. Bado matangazo ya ulezi yanazunguka kwenye makundi ya simu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kenya, Rwanda na Tanzania ni habari nyepesi zaidi kwa sababu ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lililoanza Julai 2010. Unavuka bila visa, lakini kibali cha kazi bado kinahitajika.

Ndugu akinyamaza

Kwa mnaobaki nyumbani: kabla hajaondoka, chukueni nakala ya pasipoti, visa, mkataba, jina la kampuni ya Kampala, jina na simu ya mwajiri, na anwani ya maktab. Ziwe kwa watu wawili, si kwenye simu moja inayoweza kupotea. Kubalianeni siku ya kupigiana na neno moja la siri la kuonyesha kwamba anaongea akiwa anasikilizwa.

Akipotea hewani, nendeni kwenye kampuni mkiwa na nakala hizo, mkapeleke barua na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokewa. Wasiposhughulika, barua hiyohiyo ipelekwe wizarani. Kama kuna dalili za kufungiwa, kupigwa au kuhamishwa nchi, fungueni jalada polisi bila kusubiri kampuni. Wizara ya Mambo ya Ndani ina ofisi maalumu ya kuratibu vita dhidi ya usafirishaji wa binadamu. Ubalozi hufanya kazi kwa kasi zaidi ukipewa namba ya pasipoti na jina la mdhamini kuliko ukipewa video ya mtu analia.

Na kama alikwenda kwa njia ya panya, msinyamaze kwa aibu au kwa kuogopa kukamatwa. Sheria ya 2009 inamtazama aliyeuzwa kama mwathirika. Anayetafutwa ni aliyempeleka, na namba yake ya simu mnayo.